Tairi la Pikipiki ya Safari: Soma Ubavu Kabla ya Kutazama Kashata

Isongole, ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukungu hushuka bila hodi. Asubuhi moja ya Machi 2022 nilikuwa naingia kona ya kushoto, mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, lami imelowa, na nyuma ya pikipiki ikaniponyoka. Sikuanguka. Tairi liliteleza, likashika, likateleza tena, nikatoka kwenye kona ile moyo ukinienda mbio. Nilisimama karibu na akina mama wanaouza viazi, nikachuchumaa kulitazama. Kashata, yaani zile nundu za uso wa tairi, zilikuwa zimesimama wima, ndefu, karibu mpya. Nilikuwa nimelinunua Januari ya mwaka uleule. Nikabonyeza ukucha kwenye mpira, haukuingia hata kidogo. Ulikuwa mkavu kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juani, na kati ya kashata na kashata kulikuwa na mipasuko membamba kama unywele. Ubavuni, ndani ya kiduara kirefu, ziliandikwa tarakimu nne: 3811.

Tarakimu hizo ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu "jipya" lilitoka kiwandani wiki ya 38 ya mwaka 2011. Lilikuwa limekaa dukani au stoo zaidi ya miaka 10, na mimi nililipa bei kamili kwa sababu nilitazama kashata tu.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza kuhusu matairi ya pikipiki kubwa za safari: anza na ubavu. Kashata zinakuonyesha tairi limechakaa kiasi gani. Ubavu unakuambia limetengenezwa lini, linabeba kilo ngapi, linavumilia joto kiasi gani na linakaa kwenye rimu ya aina gani. Na yote hayo yameandikwa pale, bure, kwa anayejua kusoma.

Chukua pikipiki yangu, Suzuki V-Strom 650. Tairi la nyuma limeandikwa 150/70 R17 69H. Namba 150 ni upana kwa milimita. Namba 70 inakuambia kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 105. R ni rediali, nitaieleza baadaye. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hapo wengi wanaishia, maana fundi akishajua upana na rimu anaona kazi imekwisha. Lakini kwa mtu anayepanda mlima Kitonga na mzigo, kilichobaki ndicho kikubwa zaidi: 69H.

69 ni namba ya uzito. Si kilo 69. Ni namba ya kwenye jedwali, na jedwali linasema 69 ni kilo 325. Tairi la mbele la pikipiki hiyohiyo ni 59, yaani kilo 243. Sasa piga hesabu. Pikipiki ikiwa na mafuta ina kama kilo 215. Mimi nina 80. Mke wangu 65. Mabegi, hema na vifaa, weka 40. Jumla kilo 400, na kwa kuwa abiria na mabegi wamekaa nyuma, tairi la nyuma linabeba zaidi ya nusu, tuseme kilo 240. Nafasi bado ipo, lakini si kubwa kama unavyodhani, kwa sababu zile kilo 325 ni za tairi lililojazwa upepo wake kamili. Ukipunguza upepo, umepunguza na uwezo wa kubeba.

Hesabu hiyohiyo ukiipeleka kijiweni kwa bodaboda inatisha. Tairi la kawaida la nyuma la pikipiki ndogo, 3.00-17, mara nyingi limeandikwa 50P, na 50 ni kilo 190. Pikipiki kilo 120, dereva 70, abiria wawili 140: jumla 330. Theluthi mbili ya uzito huo ikikaa nyuma, tayari ni kilo 220. Mishkaki, yaani kupakia abiria wawili kwa pamoja, inavunja sheria, kila mtu analijua hilo. Wachache wanajua kwamba inavunja pia nyuzi za tairi, kidogo kidogo, mpaka siku linapopasuka mteremkoni.

Herufi ya mwisho ni mwendo. P ni kilomita 150 kwa saa, Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Mtu ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: nani anaendesha 210 kati ya Mafinga na Makambako, wakati kwenye makazi tunabanwa na 50? Hakuna, na asiwepo. Ila herufi hiyo ni kipimo cha joto kuliko kiburi. Tairi likizunguka, ubavu unajikunja na kujikunjua, na kila mkunjo unazaa joto. Mzigo mkubwa unaongeza joto, upepo mdogo unaongeza, lami ya saa nane mchana pale Ruaha Mbuyuni inaongeza. Tairi la herufi ya juu limejengwa kuvumilia joto hilo. Kanuni yangu ni kutoshuka chini ya alichoandika mtengenezaji wa pikipiki, kwa uzito wala kwa mwendo. Kupanda juu hakuna ubaya.

Kuna jambo moja tu ambapo hata mimi hulegeza herufi ya mwendo, nalo ni matairi ya kashata kubwa. TKC 80 ya Continental, kwa mfano, kwa saizi ya nyuma ya pikipiki yangu imeandikwa 150/70 B17 69Q. Uzito ni uleule 69, mwendo umeshuka hadi Q. Ni ubadilishanaji wa wazi: umepata meno ya kushika tope, umetoa mwendo wa lami. Ukilifunga, sahau kukimbia.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lenyewe, ambalo watu huliuliza kwanza na mimi naliweka la pili: kashata kubwa au ndogo?

Wauzaji hupanga matairi ya safari kwa mafungu: 90 kwa 10, 80 kwa 20, 50 kwa 50. Namba ya kwanza ni lami, ya pili ni vumbi. Si kipimo cha maabara, ni makadirio ya kiwanda kuhusu kazi ambayo tairi lilikusudiwa. Michelin, kwa mfano, wanaitaja Anakee Adventure yao kuwa ya 80 kwa 20. Ni mwongozo mzuri, mradi ujiulize kwa ukweli kilomita zako zinaliwa wapi.

Na ukweli wa Nyanda za Juu Kusini umebadilika. Barabara kuu kutoka Iringa hadi Tunduma ni lami. Makambako kwenda Njombe hadi Songea ni lami. Uyole hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu, lami. Mbeya hadi Chunya, lami inayopanda milima ambayo babu zetu waliipanda kwa miguu. Ludewa nako wamemwaga zege. Mtu anayeishi Mbeya na kusafiri na pikipiki kubwa anaweza kumaliza miezi sita asiguse vumbi isipokuwa njia ya kuingilia nyumbani kwake. Halafu unamkuta amefunga kashata za kuchimba mahandaki.

Adui wetu mkubwa huku si tope. Ni lami iliyolowa, yenye baridi. Juni na Julai, Njombe na Makete majani huamka na barafu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua, na Tukuyu hata hiyo kalenda haiheshimu. Kitongani, malori yanayopanda kwa gia ya kwanza hudondosha dizeli na oili kwenye kona, na mvua ya kwanza huvitandaza juu ya lami kama siagi juu ya mkate. Kwingineko kwenye barabara kuu, malori yameikandamiza lami mpaka ikaota mifereji miwili, na mifereji hiyo huhifadhi maji muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Katika hali hiyo kinachokushika ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi huchanganywa na vitu vingine kiwandani. Zamani kilichotawala ni masizi meusi, yale yanayolipa tairi rangi na uimara. Siku hizi matairi mengi ya lami huongezwa silika, nayo huufanya mpira ubaki laini hata kukiwa baridi na ushike vizuri juu ya maji. Tairi lenye mpira mgumu linadumu sana kwenye barabara ya joto, lakini ukilipandisha milima ya Kawetere saa kumi na mbili asubuhi linakuwa jiwe. Kashata kubwa nazo zina shida yake: zinagusa lami kwa eneo dogo, na kila nundu inajipinda ukilaza pikipiki kwenye kona. Unahisi chombo kinaogelea.

Kumbuka eneo linalogusa ardhi. Gawanya uzito uliokaa juu ya tairi kwa upepo uliomo, utapata takriban ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja viwili, mbele na nyuma, ndivyo vinavyokushikilia wewe na mkeo juu ya mteremko wa Kitonga. Kwa nini nusu ya kiganja hicho uiachie mashimo yaliyo kati ya kashata?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa msafiri wa kawaida wa Mbeya, Iringa na Njombe, chukua tairi la 90 kwa 10 au 80 kwa 20, rediali, lenye silika, lenye mifereji mirefu ya kutoa maji. Ukipata lenye mipira miwili, mgumu katikati na laini mabegani, bora zaidi. Safari ndefu zilizonyooka, kama ule uwanda kati ya Igawa na Chimala, hula katikati ya tairi la nyuma mpaka linakuwa bapa kama kopo. Tairi bapa ukilipeleka kwenye kona linasita ukingoni, halafu linaanguka upande kwa ghafla.

Wapo ambao msimamo huu hauwahusu. Anayekwenda Hifadhi ya Ruaha kila mwezi kupitia Tungamalenga anapita changarawe na vumbi la mawimbi; huyo 50 kwa 50 inamfaa. Na Kitulo ni mtihani wa peke yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake huchanua majira ya mvua, wakati uleule ambapo udongo wa njia zake unakuwa sabuni. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba, zile kona 57 zilizojipinda juu ya ukuta wa mlima, tairi la lami likishajaa tope kwenye mifereji yake halina tofauti na tairi kipara. Huko ama ufunge kashata kubwa, ama usubiri siku tatu za jua. Mimi husubiri jua.

Sasa turudi kwenye ile herufi R. Ndani ya mpira kuna nyuzi. Kwenye tairi la rediali nyuzi hizo zinatoka mdomo mmoja (ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu) hadi mwingine moja kwa moja, juu yake unapita mkanda. Linatulia kwenye mwendo na halipati joto haraka. Tairi la kizamani, linaloandikwa kistari badala ya R, nyuzi zake zinakatizana kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka. Ubavu wake ni mgumu, unavumilia mawe na mzigo kwa mwendo mdogo, ila linachemka upesi. B kama ya ile TKC 80 ni hilohilo la mshazari lililoongezewa mkanda. Usichanganye kwa kubahatisha, mbele aina hii na nyuma ile, kwa sababu yanajibu kona kwa namna tofauti. Zipo pikipiki zilizotoka kiwandani na mchanganyiko, zikiwa na 90/90-21 mbele na 150/70 R18 nyuma kama Honda Africa Twin, lakini hapo kiwanda kimeshajaribu. Nunua jozi, kampuni moja, muundo mmoja.

Tyublesi au la? Ubavuni pameandikwa TL kwa tairi lisilohitaji tyubu, TT kwa linalohitaji. Rimu ya kumwagwa, ile ya kipande kimoja isiyo na spoki, haina matundu hayo ya spoki, hukaa na TL bila wasiwasi. Rimu nyingi za spoki zina matundu ambamo spoki zimepita, upepo utavujia humo, kwa hiyo tyubu ni lazima. Tofauti utaiona siku ya pancha. TL ikichomwa na msumari hupumua taratibu, unaziba kwa utepe wa mpira bila kufungua gurudumu, unaendelea. Tyubu ikichanika upepo unaisha mara moja, na ukiwa kwenye mteremko wa Mlima Nyoka huo ni mwereka. Mwenye spoki abebe tyubu ya akiba ya inchi 21, kwani ikibidi sana inaweza kukunjwa ikaingia kwenye gurudumu dogo la nyuma, ikakufikisha kwa fundi. Ya inchi 17 haiwezi kuvutwa hadi 21.

Kishawishi kingine ni kupachika tairi pana ili pikipiki ionekane ya kiume. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linabanwa, mgongo wake unachongoka, usukani unakuwa mzito, na wakati mwingine ubavu unasugua mnyororo. Upana ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ndio upana.

Upepo nao una kisa chake huku milimani, na nimepata kubishana na mafundi wawili juu yake. Hoja yao ni kwamba ukitoka pwani kuja Mbeya lazima upunguze upepo, kwa sababu mlimani tairi "linavimba". Nusu ya hoja ni kweli. Hewa ya nje inakuwa nyepesi unavyopanda, hivyo geji inasoma juu zaidi, kama PSI 1.5 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) kwa kila mita 1,000. Lakini kuna baridi, na baridi inashusha. Jaza 36 Dar es Salaam kwenye nyuzi joto 30, pima tena Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, asubuhi ya nyuzi 8: utakuta kama 35. Vitu viwili vimefutana. Ukipunguza upepo hapo, umejipunguzia bure.

Safari ya kushuka ndiyo inayoongeza. Jaza 36 Mbeya asubuhi hiyo ya baridi, teremka hadi Kyela kwenye joto la ziwa, geji itasoma karibu 38 baada ya tairi kupoa. Si hatari. Hatari ni kulipima likiwa la moto, kuona 42, na kuanza kutoa. Likipoa litakuwa chini ya kiwango na ubavu utaanza kujipika. Pima asubuhi kabla ya kuwasha injini, na uwe na geji yako, maana za vituoni kila moja ina dini yake. Pikipiki yangu inataka 33 mbele, 36 nyuma nikiwa peke yangu, 41 nyuma nikibeba mtu. Wengi hujaza 30 kila mahali, mwaka mzima, mzigo au hakuna mzigo.

Kuhusu kununua. Madukani Mbeya na Iringa saizi za bodaboda zimejaa, za pikipiki kubwa ni za kuagiza, mara nyingi Dar es Salaam, zije kwa basi. Usingoje mpaka kipara. Kwenye mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Mpira ukifika usawa wa vinundu, kwa pikipiki mara nyingi imebaki milimita 0.8 tu, na kwa mvua zetu hapo umeshachelewa. Mimi huagiza ikibaki milimita 2.

Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya zile tarakimu nne. Muuzaji mwaminifu ataipiga dakika hiyohiyo. Tairi la mwaka mmoja au miwili, lililokaa kivulini, halina tatizo. Watengenezaji wengi huelekeza tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5, na likifika 10 litolewe hata kama halijatembea. Mimi dukani silipokei lililovuka miaka 3. Tarehe wakati mwingine iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo aligeuze.

Siku ya kufunga, simama hapohapo na fundi. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Kitone cha rangi, kama kipo, kielekee kwenye valvu, kwa sababu kinaonyesha upande mwepesi wa tairi. Valvu ya mpira ibadilishwe pamoja na tairi. Ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kukuacha porini. Mdomo wa tairi upakwe maji ya sabuni, usipakwe grisi wala oili. Akijaza upepo utasikia mlio wa pah mara mbili, mdomo umekaa upande huu na ule. Kisha tazama ule mstari mwembamba wa ubavuni ulioizunguka rimu: umbali wake na rimu uwe sawa pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, litakutikisa usukani.

Na tairi jipya huteleza. Uso wake bado ni laini kutoka kwenye kalibu, haujakwaruzwa na lami. Kilomita 150 za kwanza usiilaze pikipiki sana, usikamate breki kwa pupa, epuka mvua ukiweza. Baada ya kubadilisha lile la 3811 nilikwenda Chunya na kurudi, siku ya jua, taratibu, nikiongeza kulala kidogo kidogo kila kona. Jioni nilichuchumaa tena uani na kulipitishia kidole. Katikati lilikuwa limekwaruzika na kupoteza mng'ao. Ukucha uliingia.